Aliyepona na Asiyepona: Je, Afya ni Ushindi Wetu au ni Amana?

Tangu zamani wanadamu wameulizana swali hili: mtu anapougua, ni nani wa kulaumiwa? Na anapopona, ni nani wa kusifiwa? Swali hili si la wanafalsafa peke yao. Huulizwa kila siku kando ya vitanda vya wagonjwa, ingawa mara nyingi halitamkwi kwa maneno. Mgonjwa huliuliza moyoni mwake usiku asipopata usingizi. Nao wanaomzuru hulijibu kwa macho yao hata kabla hawajatoa salamu.

Katika miaka hii yetu swali limezidi uzito. Zamani maradhi yaliyowaua watu wetu yalikuwa zaidi yale yanayokuja kwa ghafula, kama malaria, kipindupindu na ndui. Leo yako maradhi mengine yanayoingia polepole na kukaa na mtu miaka mingi, kama vile kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania, ukatangazwa mwaka 1989, ulikuta kwamba watu wazima wenye kisukari walikuwa karibu mmoja tu katika kila mia. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusu watu wa mjini na wa shamba wenye umri wa miaka 25 hadi 64, ulikuta karibu tisa katika mia. Vipimo viwili hivi havikuchukua watu wa namna moja wala hali moja, kwa hiyo havilinganishwi neno kwa neno; lakini mwelekeo wake hauhitaji mfasiri. Na kwa kuwa maradhi haya yanahusiana na kula kwetu na kukaa kwetu, ni rahisi sana kumwambia mgonjwa: "Umejitakia mwenyewe."

Kauli mbili zinazopingana

Nimesikia watu wakijibu swali letu kwa kauli mbili. Kauli ya kwanza husema: "Ugonjwa umetoka kwa Mungu na uponyaji watoka kwake. Iliyoandikwa imeandikwa. Kwa nini basi nijisumbue kupima chakula changu na kutembea juani kama mtu aliyepoteza ng'ombe?" Mwenye kauli hii hudhani kwamba anamtegemea Mungu.

Kauli ya pili husema: "Mimi nilikuwa mgonjwa, nikakata shauri, nikaacha sukari, nikafanya mazoezi, nikapona. Kila mtu anaweza. Asiyepona hakutaka." Mwenye kauli hii hudhani kwamba anasema kweli tupu, kwa sababu mwili wake mwenyewe ni shahidi.

Kauli hizi mbili zaonekana kama mashariki na magharibi, lakini nitajaribu kuonyesha kwamba zote mbili zina kosa moja. Nami sisemi haya kama mtu aliyesimama pembeni. Kauli ya pili ilikuwa yangu, nayo nusura imtoe mtu roho.

Kisa kilichonipata

Mwaka 2016 nilipimwa nikaambiwa nina kisukari, ile aina ya pili ambayo huwapata zaidi watu wazima. Sukari yangu asubuhi kabla ya kula ilizidi 11, ilhali ya mtu mzima haitazamiwi kuvuka 6 hivi. Uzito wangu ulikuwa kilo 94, na kwa kimo changu ulikuwa mzigo. Kazi yangu ni ya kukaa. Kila asubuhi nilikunywa vikombe viwili vya chai yenye sukari vijiko vitatu vitatu pamoja na maandazi, mchana ugali wa sembe uliojaa sahani na kitoweo cha kuonja, jioni soda. Sikujiona mlafi. Niliishi kama walivyoishi wenzangu wote wa ofisini.

Daktari alinipa vidonge vya metformini na maneno machache ya busara. Niliyafuata. Nikaacha soda na sukari ya chai. Ugali nikaupunguza hadi theluthi ya ule wa zamani, na mahali pake nikaweka mchicha, maharage na dagaa. Baada ya sala ya alfajiri nikawa natembea dakika arobaini kila siku. Ukapita mwaka, nikawa na kilo 78. Daktari akapunguza dawa, kisha akaiondoa, akaendelea kunipima, na sukari yangu ikabaki mahali pake. Nilimshukuru Mungu kwa ulimi. Lakini moyoni, ndugu msomaji, nilijishukuru mimi.

Nikawa mhubiri. Harusini nilihesabu wali katika sahani za watu. Msibani niliuliza marehemu alikuwa akila nini. Tena nikaanza kununua chupa za virutubisho vya nyongeza kwa mtu aliyeziuza mtaani, nikiwasifia wenzangu, ingawa nilikuwa nimepona kabla sijaonja hata kidonge kimoja cha chupa hizo.

Katika jirani zetu alikuwamo fundi cherehani mmoja, mtu mpole, mwembamba, aliyekuwa akijidunga sindano ya insulini tangu ujana wake. Siku moja akaniambia, "Kaka, nakuona umerudi kuwa kijana. Mimi nimechoka na sindano hizi, na bei yake inawanyima watoto wangu daftari. Umefanyaje?" Nikamweleza kila kitu kwa fahari. Kisha nikaongeza neno ambalo natamani ningelimeza: "Ndugu yangu, sindano ni ya asiyekuwa na nia. Ukiwa na nia, huihitaji."

Akanisadiki. Akaacha sindano, akapunguza chakula, akaanza kutembea. Siku ya tatu mkewe alikuja kunigongea mlango usiku. Nilimkuta fundi anatapika, ana kiu isiyokatika, anavuta pumzi ndefu na nzito kama mtu aliyepanda mlima, na pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Tulimfikisha hospitali hajitambui.

Daktari wa zamu alipokwisha kumshughulikia, alinisikiliza nikieleza habari yangu na ushauri wangu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mzee, ugonjwa wenu una jina moja lakini ni magonjwa mawili. Kongosho lako lilikuwa limeelemewa. La huyu limekwisha kazi tangu zamani. Wewe uliondolewa mzigo. Huyu ameondolewa fimbo anayoiegemea."

Fundi alipona. Lakini maneno yale ya daktari yamenikalisha kitako hata leo, na yamenilazimisha nilitazame upya swali letu tangu mwanzo.

Kujitibu ni sehemu ya kumtegemea Mungu

Tuanze na kauli ya kwanza, ya yule anayekaa na kusema "iliyoandikwa imeandikwa." Kauli hii haina msingi katika dini yetu. Mabedui walipomuuliza Mtukufu Mtume s.a.w. kama wajitibu, aliwaamuru wajitibu, akawafahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa bila kuuwekea dawa. Na yule aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu, aliambiwa amfunge kwanza kisha ndipo ategemee.

Sayidna Umar r.a. katika ukhalifa wake alikuwa njiani kwenda Sham alipopata habari kwamba tauni imeingia huko. Baada ya kushauriana na watu akaamua kurudi. Abu Ubaida r.a. akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akajibu kwa maana hii: kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari nyingine ya Mungu, akampigia mfano wa mchungaji mwenye ngamia katika bonde lenye pande mbili, upande mmoja majani na upande wa pili ukame. Popote atakapowalisha atakuwa ndani ya kadari ya Mungu. Lakini ni mchungaji gani mwenye akili atakayechagua ukame kwa jina la kadari?

Hapa pana fundisho kubwa. Mwenyezi Mungu ameumba sababu na matokeo yake, na zote mbili ni kadari. Moto huunguza kwa amri yake, na maji huuzima kwa amri yake. Anayekaa ndani ya nyumba inayoungua asiyechota maji, hakumtii Mungu zaidi ya jirani yake mwenye ndoo. Ameichagua kadari moja akaidharau nyingine.

Juhudi ina uwezo gani?

Sasa na tuulize: katika maradhi haya, je, bonde lenye majani lipo? Lipo, na limethibitishwa kwa vipimo.

Huko Marekani yalitangazwa mwaka 2002 matokeo ya uchunguzi wa watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda lakini haijafikia kisukari. Kundi moja lilisaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa kasi, dakika 150 kwa juma. Kundi la pili lilipewa metformini. Kundi la tatu lilipewa kidonge kisicho na dawa. Baada ya miaka mitatu hivi, wale wa mazoezi na chakula walipata kisukari kwa upungufu wa asilimia 58 wakilinganishwa na kundi la tatu. Na wale wa dawa kwa upungufu wa asilimia 31. Kutembea na kujizuia kulishinda kidonge.

Huko Uingereza, katika Scotland na Tyneside, yalitangazwa mwaka 2017 matokeo ya uchunguzi wa watu ambao tayari walikuwa na kisukari cha aina ya pili. Walilishwa chakula kidogo sana, kisichofikia kalori 900 kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano, chini ya uangalizi. Baada ya mwaka mmoja asilimia 46 kati yao hawakuwa tena na sukari ya kiwango cha ugonjwa, wala hawakutumia dawa; na katika wale waliopungua kilo 15 au zaidi, walikuwa asilimia 86.

Namna jambo hili linavyotendeka si fumbo. Mafuta yakizidi katika ini, ini huacha kuitii insulini, likaendelea kumimina sukari katika damu hata isipohitajika. Mafuta yakifika katika kongosho, huidhoofisha kazi yake ya kutengeneza insulini. Mtu akipungua, mafuta hayo huondoka, na viungo hivyo huweza kurudi kazini. Nayo misuli inapofanya kazi huvuta sukari kutoka katika damu. Ndiyo sababu kutembea baada ya chakula kuna faida kwa mtu kama mimi.

Zaidi ya karne kumi na tatu kabla ya chunguzi hizi, Kurani Tukufu ilikwisha kukataza israfu katika kula na kunywa, na Mtukufu Mtume s.a.w. alifundisha kwamba vitonge vichache vyamtosha mtu, na kama hana budi kuzidi basi aligawe tumbo mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la pumzi. Nilikuwa nikilijua fundisho hili tangu utotoni. Nilihitaji kipimo cha damu ndipo nilitii.

Basi kauli ya kwanza imeanguka. Anayeweza kutembea akakataa kutembea, anayeweza kupunguza akakataa kupunguza, asiiite kadari. Mwili ni amana, na mwenye amana ataulizwa. Mtume s.a.w. alipomwona Abdallah bin Amr r.a. akifunga kila siku na kusali usiku kucha, alimkumbusha kwamba hata mwili wake una haki juu yake. Ikiwa haki hiyo haiondolewi na ibada, itaondolewaje na soda?

Juhudi ina mpaka gani?

Lakini asije mtu akasimama hapa, kama nilivyosimama mimi. Ule uchunguzi wa Uingereza haukumpokea mtu yeyote anayetumia insulini, wala aliyekuwa na ugonjwa kwa zaidi ya miaka sita. Tena kati ya wote waliopangiwa utaratibu ule, zaidi ya nusu hawakufikia hali ile. Baada ya miaka miwili waliobaki katika hali njema walikuwa asilimia 36, na miaka ilivyoendelea wengi zaidi walirudiwa. Ndiyo maana mwaka 2021 wataalamu wa nchi mbalimbali walipokubaliana juu ya jina la hali hiyo, hawakuiita kupona kabisa; waliiita kutulia kwa ugonjwa, na wakashauri mtu aendelee kupimwa. Hata mimi ninayeandika, neno "nimepona" natumia kwa mazoea ya lugha. Ugonjwa wangu umelala, haujahama nyumba.

Na iko hoja iliyo nzito kuliko hii. Kabla ya mwaka 1922, mtoto aliyepatwa na kisukari cha aina ya kwanza, yaani kile ambacho kongosho huacha kutengeneza insulini, hakuwa na dawa. Waganga hodari wa Marekani waliwapa watoto hao chakula kidogo mno, kwa kuwa hilo peke yake lilichelewesha kifo. Watoto walitii. Walikonda wakawa mifupa na ngozi, na kisha wakafa. Ndipo Januari 1922, huko Toronto katika Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alipodungwa insulini iliyotokana na kazi ya Frederick Banting na wenzake, na uhai wake ukarefushwa kwa miaka mingine kumi na mitatu.

Nauliza: ni nani atakayesema kwamba watoto wale waliokufa kabla ya 1922 walikosa nia? Kama kujizuia na chakula kungekuwa dawa ya kila kisukari, wao wangekuwa wa kwanza kupona duniani, maana hakuna aliyejizuia zaidi yao. Nia haitengenezi insulini. Nami nilimwambia fundi kwamba inatengeneza.

Habari ya chupa na vidonge vya nyongeza

Neno moja lazima lisemwe hapa juu ya virutubisho vya nyongeza, kwa sababu biashara yake imeenea, na mara nyingi huuzwa kwa kiapo na kwa ushuhuda.

Si haki kuvikataa vyote. Mwaka 1747 James Lind, tabibu wa jeshi la majini la Uingereza, aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye katika jozi sita, kila jozi ikapewa tiba yake. Na waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu upesi. Mwishoni mwa karne ya 19, katika kisiwa cha Java, Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa mweupe wakipooza miguu, na waliorudishiwa mchele wenye ganda lake la ndani wakapona. Kwa njia hizo watu walijua kwamba ziko nguvu ndogo ndogo katika chakula ambazo mtu akizikosa huugua. Leo mama mjamzito hupewa madini ya chuma na asidi ya foliki kwa sababu zilizothibitishwa, na chumvi hutiwa madini joto ili kuzuia tezi la shingo. Hata metformini, ikitumiwa kwa miaka mingi, yaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na daktari akiona upungufu huirudisha.

Lakini kanuni inayotokana na mifano hii ni moja: kirutubisho humfaa aliyepungukiwa. Haifuati kwamba kikizidi ndipo kitazidi kufaa. Huko Finland wavutaji sigara wanaume 29,133 walichunguzwa kwa miaka kadhaa, wengine wakipewa vidonge vya beta karotini, kitu kile kile kinachopatikana katika karoti, kwa kutarajia kwamba vitawakinga na saratani. Matokeo yalipotoka mwaka 1994 ilionekana kwamba waliopewa vidonge hivyo walipatwa na saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Karoti haikuwadhuru watu. Kilichoharibu ni dhana kwamba kizuri kikisongwa katika kidonge hakina mpaka.

Basi anayekuuzia chupa muulize mambo mawili: nimepungukiwa na nini, na umejuaje? Akijibu kwa kipimo, msikilize. Akijibu kwa ushuhuda wa jirani, kumbuka kwamba mimi pia nilikuwa jirani wa namna hiyo.

Lawama inahitaji nini?

Sasa twaweza kulijibu swali letu. Mtu hawezi kumlaumu mwenziwe kwa haki mpaka awe na mambo matatu: aijue sababu, aujue uwezo wa anayelaumiwa, na awe na cheo cha kuhukumu.

Kwanza, sababu. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walitangaza kwamba madereva wa mabasi ya London, ambao hukaa siku nzima, walipatwa na maradhi ya moyo kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi za mabasi hayo ya ghorofa. Watu wengi huishia hapo na kusema, "Tazama, kukaa kunaua." Lakini Morris hakuishia hapo. Mwaka 1956 alitangaza matokeo ya kuchunguza vipimo vya sare zao, akaona kwamba madereva walikuwa na viuno vipana kuliko makondakta tangu walipoingia kazini wakiwa vijana. Kwa hiyo sehemu ya tofauti ilikuwako kabla hawajakaa kwenye usukani. Faida ya mazoezi imethibitishwa mara nyingi baadaye. Lakini tazama jinsi mwanachuoni mwaminifu anavyoona haya kutamka sababu haraka, ilhali sisi huitamka kwa kutazama tumbo la mtu likipita.

Pili, uwezo. Sheria ya Kiislamu yenyewe hutufundisha kwamba wajibu hufuata uwezo. Asiyeweza kusimama husali ameketi. Asiyeweza kuketi husali amelala. Mgonjwa anayedhuriwa na maji hutayamamu. Mgonjwa huruhusiwa kutofunga saumu katika Ramadhani, wala hatukai tukimwita mvivu. Ikiwa Mwenyezi Mungu amewapima wagonjwa kwa mizani mbalimbali katika nguzo za dini, mimi ni nani niwapime wote kwa mizani ya kilo zangu? Mimi nilikuwa na mshahara, nilikuwa na saa moja ya alfajiri iliyo yangu, na barabara salama ya kutembea. Yuko mama anayeamka saa kumi usiku kuchoma vitumbua vya kuuza, anayerudi jioni na sembe kwa kuwa ndiyo inayotoshea fedha zake. Ukimwambia "kula mboga na samaki, utembee," umesema kweli. Lakini kama hukumsaidia hata kikapu, umesema kweli isiyokugharimu kitu.

Tatu, cheo. Kitabu cha Ayubu katika Biblia chaeleza kwamba rafiki zake walipomwona katika maradhi walishikilia kwamba hayo ni malipo ya dhambi zake. Na mwisho wa kitabu ni wao waliokemewa, si yeye. Injili ya Yohana nayo yaeleza kwamba wanafunzi walimuuliza Yesu juu ya kipofu, kama ni yeye au wazazi wake waliotenda dhambi. Akajibu kwamba si yeye wala wao. Nayo Kurani Tukufu humsifu Ayubu a.s. kwa subira yake. Mtukufu Mtume s.a.w., aliyekula kwa kiasi kuliko watu wote, aliugua homa kali mpaka kufariki kwake. Kama uzima ni cheti cha wema, basi cheti hicho walinyimwa walio bora kabisa. Na kama ugonjwa ni cheti cha uovu, watoto wachanga walio wodini wametenda nini?

Mtu aweza kuniuliza: je, hujaturudisha kwa yule wa kauli ya kwanza, anayekaa na kungoja? La hasha! Wajibu na lawama ni vitu viwili. Wajibu ni swali ninalojiuliza mimi juu ya mwili niliopewa mimi. Lawama ni jibu ninalompa mwenzangu juu ya mwili nisioujua. Aliyekaa na kungoja ameukimbia wajibu. Aliyepona akajivuna ameikimbilia lawama. Na kosa lao ni moja, kama nilivyoahidi kuonyesha: wote wawili wameichukua juhudi kana kwamba inafanya kazi mahali ambapo Mungu hayupo. Wa kwanza akaiacha ili Mungu awepo. Wa pili akaishika akamsahau Mungu. Lakini juhudi nayo ni kiumbe cha Mungu. Miguu niliyotembelea, kongosho lililokuwa bado na uhai wa kurudi kazini, daktari aliyenipima kwa wakati, mke aliyekubali kupika chungu cha namna nyingine: ni kipi katika hivi nilichokitengeneza mimi? Juhudi ilikuwa wajibu wangu. Matokeo yalikuwa zawadi.

Na zawadi haidai kuhubiriwa, yadai kushukuriwa. Shukrani ya afya si kusema tu "Alhamdulillahi" baada ya kupanda mizani. Shukrani ya miguu ni kumtembelea asiyeweza kutembea, na shukrani ya fedha ninazookoa katika dawa ni kumsaidia anayezihitaji katika dawa.

Mwisho wa kisa

Fundi alipotolewa hospitali nilikwenda kwake kumwomba radhi. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Nilimkuta ameketi kwenye cherehani yake, mwembamba kama zamani, kichupa cha insulini kimewekwa ndani ya mtungi wa udongo wenye maji ili kisiharibiwe na joto. Nikasema, "Ndugu yangu, nimekukosea. Nilikuhukumu kwa jambo nisilolijua." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, ulinishauri kwa mapenzi. Lakini siku ile ulipotamka neno 'nia,' nilirudi nyumbani nikajiona mimi ni mtu duni mbele ya wanangu. Sindano inauma kidogo tu. Lile neno liliuma zaidi."

Kwa maneno hayo nilifahamu kwamba nilimdhuru mara mbili, na mara ya pili haikuonekana katika kipimo chochote cha hospitali.

Tangu siku hiyo tunakwenda pamoja siku ya kliniki. Yeye hutembea nami asubuhi, maana daktari wake amemwambia kutembea kwamfaa naye pia, mradi aangalie sukari yake na asiiache dawa. Hutembea polepole kuliko mimi, nami nimejifunza kupunguza mwendo.

Basi, ndugu msomaji, kama una ugonjwa ambao chakula na mazoezi vyaweza kuutuliza, inuka ushike wajibu wako leo, ukiwa na mashauri ya daktari, wala usibadili dawa yako kwa neno la jirani. Na kama Mwenyezi Mungu amekujaalia nafuu, ichukue nafuu hiyo kama mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenyewe: aitunze, aitumie kwa wengine, wala asiwatambie walionyimwa.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wale ambao maradhi yao yatakaa nao, na atulinde sisi tulio wazima na ugonjwa wa kujiona. Amin.